Tereza binti Ndalahwa na Namba Saba ya Kushuka

Marehemu Tereza binti Ndalahwa alizaliwa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tarehe 12 Mei 1899, nchi ikiwa bado mikononi mwa Mjerumani. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Ndalahwa, mfuga ng'ombe, na mkewe Ng'washi, ambaye watu wa kule bado wanamkumbuka kwa vitendawili. Mama huyo hakuita kitu kwa jina lake kama angeweza kukizunguka. Moto ukikolea jioni, hata maji ya kunywa aliyaomba kwa kitendawili, na mtoto aliyeshindwa kufumbua ndiye aliyekwenda kuyateka. Mambo hayo yamekwisha. Jioni za leo watu wanasikiliza gramafoni ya jirani, kila mmoja amefunga mdomo wake.

Alisoma shule ya misheni Bukumbi kuanzia mwaka 1907 hadi 1913. Alijifunza kusoma, kuandika, hesabu na kushona. Kaka yake mkubwa, anayesoma maneno haya, hakupelekwa shule kwa kuwa ng'ombe walihitaji mtu. Basi Tereza akirudi jioni alipita malishoni, akachovya kijiti kwenye tope, akamwandikia kaka yake herufi ubavuni mwa ng'ombe. Ng'ombe mweupe alibeba a, e, i, o, u. Walipokwenda kunywa maji walirudi wamefutika, na kesho yake somo lilianza upya. Hiyo ndiyo shule nzima aliyosoma kaka yake, na hajaona hata sasa shule iliyoishinda.

Tarehe 26 Aprili 1919, Jumamosi ya baada ya Pasaka, Tereza aliolewa na Mihayo, aliyekuwa mpokea mizigo gatini Mwanza. Baba yake Mihayo alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, upande wa Ilemela. Jina la mzee huyo halitaandikwa hapa kwa sasa. Mliomjua mnalijua, na aliyelala mbele yetu hakupenda kulisikia likitupwa ovyo.

Asubuhi ya arusi shangazi yake alimketisha mkekani, akamwambia, "Unaingia ukoo ambao mkwe hatajwi na mke wa mwanawe. Na kitu chenye jina kama lake, nacho hukitaji."

"Nikisahau, shangazi?"

"Ukisahau, hulipi wewe. Analipa mtoto wako."

"Sina mtoto."

"Basi anza kuogopa sasa, ili akija akukute umezoea."

Jina la mzee yule, kwa Kisukuma, ni jina la radi. Tangu siku ile Tereza hakuitaja radi kwa Kisukuma, na kwa ajili ya usalama hakuitaja kwa Kiswahili pia. Ngurumo zikianza upande wa ziwa, alisema tu, "Wa juu wanahamisha mitungi," akaingia ndani. Wasichana wa leo wanawaita wakwe zao kwa majina katikati ya barabara ya Buzuruga, kama wanaita mbuzi aliyetoroka, na wala mguu hauwatetemeki. Labda wana bahati. Tereza hakuwa na bahati hiyo.

Mtoto wake wa kwanza, msichana, alizaliwa mwaka 1921 na hakufikisha mwezi. Baada ya maziko wanawake waliomzalisha walimwambia kwamba katika uchungu alipiga kelele akaita jina la mtu. Aliwauliza, "Jina gani?" Wakatazamana. Wote walikuwa wake wa ukoo ule ule. Kama lilikuwa ndilo, hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kulirudia; na kama halikuwa ndilo, mbona walikaa kimya? Tereza alibaki hajui. Alimwuliza padri, naye padri akamwambia ule ni ushirikina mtupu, jina ni jina tu. Alimwitikia, "Ndiyo, Padri," akatoka kanisani akiwa anaogopa vile vile.

Luhaga alizaliwa tarehe 4 Agosti 1922, na Odeta mwaka 1926. Safari hizo mbili Tereza alijifungua akiwa ameuma kipande cha kanga, asitoe sauti. Kovu lililokuwa kwenye mdomo wake wa chini, ambalo wengi walidhani ni la kuanguka, ni la siku aliyozaliwa Luhaga.

Mihayo alifariki mwaka 1934 kwa homa ya mapafu. Tereza akahamia mjini, akapata kazi ya kushona barazani kwa Bwana Rasik, mfanyabiashara wa nguo na karatasi karibu na soko, ambaye nyuma ya duka alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa. Hapo ndipo alipokutana na Maniben, mkewe Rasik, na urafiki wao haukukatika mpaka juzi. Maniben naye hakutaja jina la mumewe. Kwao Uhindini wanawake wengi wameishi hivyo. Alimwita "baba wa watoto", au "yule mwenye miwani", au "yeye". Karani wa serikali alipopita kuandika wenye nyumba, alimwuliza mumewe anaitwa nani, naye Maniben akanyoosha kidole kwenye kibao cha duka. Karani akanakili kilichoandikwa: Rasik Nguo Karatasi. Tangu hapo Bwana Rasik alitaniwa sokoni kwa jina hilo.

Basi wanawake wawili hawa wakashona mchana kutwa wakishindana kuzunguka. Mmoja alizunguka mume, mwingine alizunguka mkwe na ngurumo zake, na walipozoea wakaanza kuzunguka kila kitu, chumvi, sindano, wateja. Rasik aliwasikiliza kutoka ndani. Mwaka 1938 alipoanzisha gazeti lake la Jumamosi, *Habari za Gati*, ukurasa mmoja uliokunjwa, wenye safari za meli, bei ya pamba na matangazo ya vifo, alimwonyesha Tereza gazeti la Kiingereza kutoka Nairobi lenye mchoro wa vyumba vyeusi na vyeupe. Alimweleza kwamba kila chumba cheupe kinaingia herufi moja, maneno mengine yanakwenda kulia na mengine yanashuka, na kila neno lina kidokezo chake.

Tereza alitazama mchoro ule akacheka. "Bwana Rasik, hii ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipoolewa. Tofauti ni kwamba hapa mtu anatuzwa."

Mshindi alipewa ratili mbili za sukari. Mafumbo ya Tereza yakapendwa Mwanza, yakapanda meli yakapendwa Ukerewe, Musoma na Bukoba. "Mji wa kaskazini unaoonekana juu ya kila jiko," aliandika, na makarani wakakuna vichwa mpaka mmoja akapiga kelele, "Moshi!" Na hili: "Mweusi jikoni, mwenye makucha majini, na mgeni akiambiwa hivyo anashusha mwili." Jibu ni kaa. Na hili, ambalo kaka yake alishindwa nalo wiki nzima na hakusamehe upesi: "Anavuka ziwa halowi." Ni kivuli. Alisema kila neno lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na raha yote iko katika kumwingiza mtu kwa mlango wa nyuma halafu ajikute sebuleni. Siku hizi mafumbo ya magazeti yanachapwa pamoja na majibu, chini ya ukurasa, kichwa chini miguu juu, ili msomaji asichoke. Mtu anageuza karatasi, anajiona hodari.

Mwaka 1942 Luhaga aliandikwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Mwaka 1944 walipelekwa Bama kupigana na Mjapani. Barua yake ya mwisho ilifika masika, ikasema yuko mzima na kwamba mvua za huko hazina adabu. Baada ya hapo, kimya. Mama akiona tarishi wa Boma, mleta habari za waliokufa vitani, anapandisha barabara, alikaa chini pale pale alipo, hata kama ni njiani, akamngoja apite. Watoto wa mtaani walimwiga. Yeye hakuwaona.

Tarehe 9 Septemba mwaka ule, Jumamosi asubuhi, Maniben alikuja kwa Tereza akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akiwa ameshika gazeti ambalo wino wake haujakauka.

"Mama Luhaga, kaa chini."

"Ni Luhaga?"

"Siyo Luhaga. Kaa. Tazama namba saba. Ya kushuka."

Wengi wenu mmelisikia jambo hili kwa midomo ya watu, na mengi mliyoyasikia ni ya uongo, kwa hiyo linaelezwa hapa kama lilivyokuwa. Tereza alikuwa na desturi ya kujaza kwanza maneno yote ya kwenda kulia, kisha kuangalia ni maneno gani yameshuka yenyewe katikati yao, na kuyatungia vidokezo. Wiki ile, herufi tano kutoka maneno matano zilisimama moja juu ya nyingine zikafanya jina la mkwe wake. Hakulitaka wala hakulitafuta. Na hakuliona! Kwa miaka ishirini na tano alikuwa amelifundisha jicho lake kuruka jina lile popote lilipo, na jicho likatii. Alituma fumbo kwa Rasik likiwa na vidokezo vyote, ila namba saba ya kushuka aliiacha wazi, na hakujua kwamba ameiacha wazi.

Rasik alipopanga herufi aliona pengo, akasoma kilichoshuka, akafurahi. Alimjua mzee yule. Akafikiri Tereza ameona haya kumsifu mkwewe mwenyewe, akamwachia mwenye gazeti amsifu. Akaandika kwa mkono wake: "Mzee maarufu wa Ilemela, mkwe wa mtungaji wetu."

Tereza alisoma. Maniben alisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana. Kisha akauliza neno moja tu.

"Meli?"

"Bado iko gatini. Twende."

Walikwenda mbio, Tereza, Maniben na Odeta nyuma yao. Mzigo wa magazeti ulikuwa umekwisha pakiwa. Karani wa gati alikuwa kijana, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, kalamu sikioni.

"Shusha ule mzigo wa magazeti, mwanangu," Tereza alimwambia.

"Kwa nini, mama? Mzigo una kosa gani?"

"Kuna jina ndani."

"Magazeti yote yana majina."

"Hili halitakiwi."

"Jina la nani?"

Tereza akafungua mdomo, akaufunga. Wachukuzi waliokuwa wamekalia magunia wakaanza kucheka. "Labda ni la hawara wake!" mmoja akasema. "Mama, litaje tu, tutalifuta kwa mate!"

Maniben, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupaza sauti mbele ya wanaume wa gatini, akasogea mbele. "Karani, shusha. Ni amri ya mwenye gazeti."

"Vizuri. Mwenye gazeti anaitwa nani, niandike?"

Maniben akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, na hapakuwa na kibao cha duka cha kunyooshea kidole. "Ni... yule mwenye miwani," akasema.

Wachukuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanawake wawili walisimama pale gatini, mmoja hawezi kumtaja mkwe, mwingine hawezi kumtaja mume, na meli ikapiga honi. Odeta, aliyekuwa na ruhusa ya kutaja majina yote mawili, alifika anahema wakati kamba imekwisha kufunguliwa.

"Bukoba wataanza kujaza kesho," Tereza akasema. Hakulia. "Kila mmoja atakayejaza, ni mimi niliyemwambia aseme."

Siku ile ile alikwenda Ilemela kwa miguu na Odeta. Kama mila ilivyotaka, alipiga magoti nyuma ya ghala la mtama, mgongo umeelekea uani, na maneno yake yakapelekwa na mtoto. Mkwe wake alikuwa kwenye lango la zizi anamtoa ng'ombe kupe. Alikuwa mzee wa karibu miaka themanini, mkali, sikio moja halisikii, naye Odeta ndiye mjukuu aliyempenda kuliko wote.

"Shikamoo, mume wangu," Odeta alisema, maana ndivyo wajukuu wa kike wanavyowatania babu zao kwetu, au walivyokuwa wakiwatania.

"Marahaba, mke mdogo. Tumbaku yangu iko wapi?"

"Leo nimekuletea jina lako."

"Ninalo tayari. Nilitaka tumbaku."

"Hili limeandikwa, babu. Kwenye gazeti." Akamsomea kidokezo cha namba saba.

Mzee akacheka kwanza. "Maarufu! Yule Mhindi ana adabu. Na hilo jina lenyewe liko wapi?"

"Halijaandikwa bado. Kila anayenunua gazeti analiandika mwenyewe. Chumba kimoja, herufi moja."

"Kwa hiyo nimekatwa vipande?"

"Vitano."

"Kama nyama ya kugawa." Mkono wake ukasimama juu ya ng'ombe. "Nani aliyenikata?"

Odeta akatazama upande wa ghala. Mzee akageuka, akaona nyuma ya ghala mgongo wa mke wa mwanawe. Akaelewa. Alikaa kitako kwenye samadi, yeye mwanangwa.

"Luhaga ameandika lini?" akauliza.

"Masika, babu."

"Mwambie mama yako mimi sijakasirika."

Odeta akaenda nyuma ya ghala, akarudi. "Anasema mila haikuuliza kama umekasirika."

"Mwambie hakukusudia. Nitasema hivyo mbele ya wazee wote."

Akaenda, akarudi. "Anasema hata yule mtoto wa kwanza hakumkusudia."

Odeta anasema hapo ndipo alipomwona babu yake anaogopa kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayetafuna kitu kigumu. Mila ile aliirithi, hakuitunga yeye, na wala hakujua namna ya kuibembeleza. Ila alijua mlango wake mmoja, ambao katika ukoo ule hakuna mtu aliyekuwa ameupita tangu babu wa babu yake. Mwenye jina anaweza kulitupa. Akilitupa, si lake tena, na aliyelitaja hajamtaja mtu.

Alilitupa Jumamosi iliyofuata, mbele ya wazee wa Ilemela. Alinyolewa nywele, akaoga kwa maji ya majani, akachinja dume la mbuzi, akasema kwamba tangu leo yeye ni Ngosha. Wageni mliopo mfahamu kwamba neno hilo kwa Kisukuma ni mwanamume tu, na kwamba mwanamume yeyote njiani unaweza kumwita hivyo. Wazee walimwomba achague jina lenye uzito kidogo. Alikataa. Alisema anataka lisilomdhuru mtu. Basi tangu siku ile, mpita njia akimwita mwenzake, "We ngosha!" mzee aligeuka. Na yeye mwenyewe akiitwa kwa kukusudiwa, mara nyingi hakuitika, akidhani anaitwa mwingine. Wacheza ngoma wa Ilemela walikuwa na nyimbo tatu za kumsifu. Waliendelea kuziimba, lakini walipofika penye jina walifunga midomo, ngoma ikapigwa peke yake, kisha wakaendelea. Nani leo anaweza kufanya hivyo? Leo kijana akipata kazi ya ukarani anabadili jina ili Mzungu asipate shida kulitamka, na anaona amepanda cheo. Mzee yule alikuwa na jina lililomfikia kupitia vinywa vya watu tisa, akaliacha ardhini kama gamba la nyoka, kwa ajili ya mjukuu aliye Bama.

Majibu ya fumbo yaliendelea kufika dukani kwa wiki kadhaa. Maniben alizifungua bahasha zote mwenyewe, akachovya kidole kwenye manjano yaliyolowekwa, akaziba namba saba kwenye kila karatasi kabla ya mtu mwingine kuiona. Bwana Rasik aliomba radhi mara nyingi na kwa huzuni ya kweli, na gazeti likatoka bila fumbo mpaka lilipokufa. Tereza hakutunga tena.

Luhaga alirudi Aprili 1946, kwa treni. Mama yake alimshika mkono stesheni, akaukagua, akashika mwingine, akamvua kofia akakagua kichwa, mbele ya askari wote waliokuwa wakicheka. Alikuwa mzima. Watu wakasema, basi, imekwisha. Yeye hakusema imekwisha. Alisema imenyamaza.

Tarehe 3 Februari 1948 mzee alifariki Ilemela kwa uzee. Alizikwa kesho yake mchana. Padri alipomaliza sala zake na kuondoka, ukoo ulisogea kufanya lao. Kabla udongo haujarudishwa, mkubwa wa ukoo huita jina la marehemu mara tatu, ili waliotangulia wajue ni nani anayekuja na wampokee. Mkubwa wa ukoo akasimama kichwani mwa kaburi, akavuta pumzi, akaita, "Ngosha!" Halafu akanyamaza. Kila mtu alielewa. Kule anakokwenda, wanaume wangapi wangeitika?

"Liiteni la zamani," mmoja akasema.

"Alilitupa mbele yetu. Aliyelitupa haokoti, wala sisi hatuokoti."

"Basi ataingia kama mgeni? Yeye?"

"Alilitupa kwa ajili ya mtu," mkubwa wa ukoo akasema taratibu, asimtazame yeyote. "Labda mtu huyo anaweza kuliokota."

Watu hawakugeuka, lakini nafasi ikapatikana kati yao, na mwisho wa nafasi ile alikuwa Tereza. Ng'ambo ya kaburi alisimama Luhaga, mikono juu ya koleo, akingoja kufukia. Mama akamtazama mwanawe. Kila mwanamke wa ukoo aliyekuwepo alijua anafikiri nini. Jina likiokotwa linakuwa la mzee tena. Likiwa la mzee tena, amemtaja mkwe. Na akimtaja mkwe, halipi yeye.

"Nyamaza, Mama Luhaga," mwanamke mmoja akanong'ona. "Una mtoto."

Kaka yake Tereza alikuwa amesimama karibu naye na aliona jasho likimtoka hata kwenye viganja. Alimwona anageuka nusu, kama anayetaka kuondoka. Luhaga naye aliona. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Mama, babu anangoja."

Tereza akapita katikati ya watu. Hakupiga magoti kwa kumpa mgongo, kama alivyofanya miaka yote. Alipiga magoti akimwelekea. Akaita jina la mkwe wake mara tatu. Mara ya kwanza haikusikika, alilimeza nusu. Mara ya pili ilisikika. Mara ya tatu ilifika mpaka kwenye mawe ya mlimani ikarudi. Kisha akakaa pale pale na kumtazama Luhaga akifukia, koleo kwa koleo, asipepese macho, mpaka kaburi likajaa.

Mwezi uliofuata Luhaga alipata homa. Kwa yeyote mwingine ingekuwa malaria ya kila siku. Mama yake alikaa mlangoni pa chumba chake hakula wala hakuzungumza na mtu. Homa ikashuka. Hata hivyo Tereza hakuacha kumsikiliza mwanawe akipumua, na akikohoa nyumba ya pili yeye alisimama. Tusidanganyane hapa makaburini kwamba alikufa akiwa ameshinda woga. Alitenda jambo huku anaogopa, na akaendelea kuogopa baada ya kulitenda. Siku hizi watu wanaita hali hiyo ujinga wa zamani. Wanaosema hivyo wangesimama pembeni ya kaburi lile, wakatazama ng'ambo.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Juni mwaka huu, na moyo kwenda mbio. Alilazwa hospitali mjini mwezi Agosti, akatunzwa vizuri, akarudi nyumbani kwa ombi lake mwenyewe. Jumatano alasiri wiki hii, ngurumo zilianza juu ya ziwa. Odeta aliyekuwa akimpepea akasema, ili kumfurahisha, "Mama, wa juu wanahamisha mitungi."

Tereza akasema, "Hapana. Ni radi." Na kisha akalisema lile lile kwa Kisukuma, polepole, kama anayeonja chakula. Baada ya hapo akageuza macho mlangoni, akayaweka pale, mpaka Luhaga alipoingia na uji. Alimtazama akiuweka chini. Akanywa kidogo. Alifariki kesho yake, tarehe 6 Oktoba 1949, saa tatu asubuhi, Odeta amemshika mkono wa kulia, Maniben wa kushoto.

Marehemu ameacha kaka mmoja, ambaye hana tena wa kumwandikia kwenye ubavu wa ng'ombe. Ameacha rafiki yake Maniben, aliyesimama pale pamoja na mumewe. Ameacha binti yake Odeta. Ameacha mkwe wake Teodora, mke wa Luhaga, ambaye marehemu alimruhusu tangu siku ya kwanza amwite kwa jina lolote apendalo. Ameacha mwanawe Luhaga, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mzima, aliye mbele yenu na koleo mkononi. Na ameacha mjukuu wa kiume, mwana wa Luhaga na Teodora, aliyezaliwa Julai mwaka jana na kupewa jina na bibi yake mwenyewe. Mbele ya watu alimwita "mzee". Wakiwa wawili tu, Teodora amemsikia mara nyingi kupitia ukutani, alimwita kwa jina, tena na tena, kisha akanyamaza kusikiliza kama mtoto anapumua. Ni yule mnayemsikia analia kule nyuma. Anaitwa Nkuba.

Pumzika sasa, Tereza. Wote uliowaogopea wapo.